Jogoo wa Mjomba

Ukitaka kumwiga mtu, anza na miguu yake. Hili nawaambia bure vijana wanaokuja kwangu wakitaka kufundishwa kuchekesha, na hawasikii. Wao huanza na mdomo. Wanabana pua, wanavuruga lafudhi, wanadhani kazi imekwisha. Mdomo ni mwongo, mwenyewe anaulinda mchana kutwa. Miguu hailindwi na mtu. Katekista wetu alikuwa mnyenyekevu sana kwa maneno, lakini visigino vyake vilipiga ardhi kama mtu anayekuja kudai kodi. Nilipoviiga visigino vile, watu walimjua kabla sijafungua kinywa, wakacheka kwa raha ya watu waliolipiziwa kisasi.

Sikuwa mtu mwema katika kazi hii na sitajifanya. Anayewachekesha watu huwatafutia mtu wa kumkanyaga, basi. Pale Manibe, nje kidogo ya Arua, ambako ni kwa baba yangu, kulikuwa na mzee mmoja mwenye mguu mfupi, mkulima wa muhogo, mpole kabisa. Huyo ndiye aliyenifanya nijulikane nikiwa bado kijana. Nilimwiga harusini, nilimwiga matangani, na siku moja nilimwiga mwenyewe akiwepo, naye akacheka pamoja na wengine kwa sababu angefanya nini. Nilijua anaumia. Nilijua pia kwamba akicheka yeye, wengine hucheka mara mbili, kwa hiyo niliendelea.

Lakini shule yangu hasa ilikuwa Lurujo, upande wa Koboko, kwa wajomba zangu. Kwa watu wa mama yangu, mtoto wa dada ana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Akifika kwa mjomba wake anaweza kumcheka mbele ya wake zake na wageni wake, akaiga anavyotafuna, anavyokohoa, anavyosinzia na mdomo wazi, na mjomba haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Kisha kabla ya kuondoka mpwa huchukua kitu. Haombi. Anashika tu: kuku, jembe, kibuyu, hata mbuzi kama ana roho ngumu, na kile alichokishika kimekuwa chake, na mjomba anapaswa kucheka. Lakini ni kitu kimoja. Akishashika kimoja, hana haki ya kingine mpaka mavuno mengine yapite. Kwetu sheria hiyo haifundishwi, mtu anakua nayo.

Nilikuwa na wajomba wengi na niliwachuna wote. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake, na kila mmoja alinilipa kuku kwa kumwonyesha mwendo huo mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtu unaweza kumvua nguo hadharani na bado akakupa chakula, ili mradi kuna sheria inayomzuia asikupige.

Mwaka ule jeshi lilipochukua nchi nilikuwa mjini Arua, nafanya vibarua kwenye stoo ya tumbaku. Nyuma ya soko kulikuwa na baa ya mama mmoja kutoka Kongo. Siku za soko, mchana, ilijaa watu waliomaliza kuuza na kununua, wakinywa pombe ya kwete na kungoja jua lipungue ndipo warudi vijijini na baiskeli zao. Nilianza kuchekesha pale. Mtu akinunuliwa kibuyu anakunywa, na mimi nilikuwa nanunuliwa vibuyu.

Kando ya mlango wa baa alikaa fundi cherehani, naye Mkongomani, aliyevuka mpaka na mke wake wakati wa fujo za kwao. Alikuwa mrefu, na uso wake ulikuwa mrefu zaidi. Siku moja nilikuwa namwiga mlevi anayejaribu kupanda baiskeli ambayo haipo. Baa nzima ilikuwa imelala chini. Nikatupa jicho mlangoni, nikamwona fundi anashona mfuko wa koti, ananitazama moja kwa moja, na uso wake umetulia kama maji ya mtungi. Nilichukia. Nikaenda mbele yake nikapanda baiskeli ile tena, nikaanguka upya, nikamwangukia miguuni. Akainua miguu ili nisimchafulie kitambaa, akaendelea kushona. Hapo watu walicheka mpaka mama mwenye baa akatoka jikoni kuuliza nani ameumia.

Walikuwa wananicheka mimi, na nilielewa papo hapo kwamba hii ni mali. Nikamwomba tufanye kazi pamoja. Yeye akauliza atatakiwa kufanya nini. Nikamwambia asifanye kitu chochote. Akasema hicho anakiweza.

Kuanzia hapo tulikuwa wawili. Alikaa kwenye kigoda katikati, mikono magotini, na mimi nilimzunguka nikiiga mji mzima: mwalimu mwenye suruali fupi, muuza samaki mwenye madaha, mganga anayeogopa mbwa. Nikishindwa kumchekesha mimi, watu waliruhusiwa kujaribu. Walikuja wazee, walikuja wanawake, alikuja mtu mmoja kutoka Lobule aliyetembea tangu alfajiri na hadithi yake moja tu, akaisimulia, akashindwa, akarudi alikotoka. Fundi hakucheka. Nje ya kazi pia hakucheka. Nilikuwa namvizia nyumbani kwake, mke wake akipakua bondo, ugali wao, nafanya vituko mpaka mama yule anaangusha mwiko, na mumewe anauliza tu kama chumvi imekwisha. Nilimpenda kama kaka yangu na nilimwita yaya, kama wao wanavyomwita kaka mkubwa. Lakini kila nilichotunga miaka ile nilikitunga kwa ajili ya uso ule. Watu wengine wote walikuwa wa kufanyia mazoezi.

Siku moja nilimuuliza anawezaje.

“Nahesabu mishono,” akasema. “Ya koti. Naanza ku bega. Wewe unaruka ruka pale, miye niko naingia ku mukono.”

Nilimuuliza kama hata mara moja hajawahi kukaribia kupotea hesabu. Alifikiri kidogo, akasema bado.

Tulichekesha kwa Kiswahili cha pale, kile cha kambini na sokoni, kwa sababu Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongomani wote walikielewa na hakuna aliyeweza kujivunia nacho. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri kwetu. Vijana wa Koboko waliokuwa wanalima muhogo jana walirudi na buti na magari, na mtu mwenye gari jipya hucheka kwa urahisi. Halafu sukari ikapotea madukani, ikafuata sabuni, ikafuata chumvi, kisha wakaanza kupotea watu. Kicheko kikabadilika. Watu walianza kucheka huku wanaangalia mlango. Mimi na fundi tukawekeana sharti: buti haziigwi. Mwendo wa askari niliuweka moyoni, nikiufanyia mazoezi peke yangu chumbani bila viatu ili jirani asisikie.

Kulikuwa na kapteni mmoja pale kambini ambaye mwendo wake ulikuwa zawadi ya Mungu. Alikuwa mnene juu, mwembamba chini, na alitembea akitanguliza tumbo kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayepita mlango mwembamba huku amebeba beseni. Nikimwona barabarani mikono ilikuwa inaniwasha.

Kapteni huyo alikuja baa siku ya soko na askari wake. Alikaa, akanywa, akacheka mambo yetu vizuri tu. Kisha akasimama akasema na yeye anataka kumchekesha huyu mtu. Alisimulia kisa cha Mkongomani aliyemeza sabuni ya magendo ili asikamatwe nayo mpakani, na kila alipowadanganya askari povu lilimtoka mdomoni. Inaniuma kusema, lakini kisa hakikuwa kibaya. Alikiharibu tu. Alilitoa povu mwanzoni, kabla hatujajua kuna sabuni, halafu akarudi nyuma kueleza. Hata hivyo baa nzima ilicheka, na mimi nilicheka, tena nilijipiga paja. Nani asingecheka.

Fundi alikuwa kwenye kigoda chake, anahesabu mishono.

Kapteni akamsogelea, akarudia lile povu. Watu wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, kama watu wanaojaribu kumfunika mwenzao kwa blanketi. Mimi nilikuwa nyuma ya kapteni. Nilimfanyia fundi ishara kwa macho, kwa mikono, nilimwonyesha meno yangu yote: cheka, cheka sasa. Yeye alidhani natunga kichekesho kipya. Alikuwa fundi, na kazi yake ilikuwa ile, na aliifanya.

“Huyu mutu iko na dharau,” kapteni akasema. “Jeshi inasema, yeye hapana cheka.”

Nilianza kueleza kwamba ndio mchezo wenyewe, afande, hachekagi kamwe, hata mimi nimeshindwa. Askari mmoja alinisukuma nikakaa chini. Walimchukua na sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake. Watu walimaliza pombe zao haraka wakaondoka, na mama mwenye baa akakiingiza kigoda ndani.

Mke wa fundi alikuja kwangu kesho yake, na kesho yake tena. Hakulia. Alikaa mlangoni kwangu akaniangalia. Alikuwa ameshakwenda kwenye lango la kambi na chakula na kurudishwa nacho. Mwishowe alisema kwamba mimi ndiye ninayejua kuwachekesha wale, basi niende nikawachekeshe. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kambi si baa. Lakini alipoondoka nilikaa nikafikiri, na nikakumbuka jambo nililowahi kusikia, kwamba mama yake yule kapteni alizaliwa karibu na Lurujo na baba yake ni wa huko huko.

Nikachukua baiskeli nikaenda Lurujo kwa mama mkubwa, dada yake mama. Alikuwa anaanika muhogo juu ya mwamba. Nilipomtajia kapteni alinihesabia ukoo wote bila kuinua kichwa, huyu kamzaa huyu, huyu kaolewa kule, na ulipofika mwisho ulikuwa umefika kwangu. Yule kapteni alikuwa binamu yake mama yangu. Kwa sheria za kwetu alikuwa mjomba wangu, wala si mjomba wa mbali.

Nilicheka peke yangu pale kwenye mwamba. Nilimwambia mama mkubwa nitakachofanya: nitakwenda kwake kama mpwa, nitamwiga mbele ya watu wake, hataruhusiwa kukasirika, na kabla ya kuondoka nitashika kitu kimoja. Nitamshika yule fundi mkono. Aligeuza vipande vya muhogo, akasema kwamba hajawahi kusikia mpwa amechukua mtu, lakini pia hajasikia kwamba imekatazwa. Aliniambia nisile wala nisinywe kitu kabla sijashika ninachotaka, nisije nikasahau kilichonipeleka.

Niliingia kambini Jumapili mchana. Langoni nilisema nimekuja kumtembelea mjomba wangu, nikataja ukoo, na walinzi ambao nao walikuwa wa upande wa Koboko wakatazamana, wakaniruhusu. Kapteni alikuwa kwenye baraza ya mesi, bwalo lao la chakula, na maofisa wenzake, viatu amevua. Nilisimama mbele yake nikamhesabia ukoo kama mama mkubwa alivyonihesabia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha uso wake ukafunguka, nami nikaona kwamba amefurahi kweli. Mtu aliyekuwa anaogopwa na mji mzima alikuwa amekosa kwa muda mrefu mtu wa kumtania.

“Wewe iko mutoto ya dada yangu,” akasema. “Basi cheka mimi. Leo nataka hawa waone.”

Nilimwambia kwamba mpwa anataka na rafiki yake aone, yule fundi, kwa sababu bila yeye siwezi kazi. Aliitika kwa kichwa. Wakamleta. Alikuwa anatembea akiinua miguu kidogo sana, na mtu kama mimi akiona mwendo wa namna hiyo anajua amepigwa wapi. Walimkalisha chini, mgongo kwenye nguzo. Aliniona. Aliweka mikono magotini, kama kwenye kigoda. Tulikuwa kazini.

Nikamwiga mjomba wangu.

Sijawahi kufanya kazi kama ile, wala kabla wala baadaye. Nilitanguliza tumbo, nikalipeleka kushoto, nikapita mlango mwembamba na beseni langu. Kabla sijamaliza hatua ya pili maofisa walikuwa wanashikana mabega. Nikakagua gwaride. Nikamkaripia askari asiyekuwepo kwa kifungo kilichokatika, nikainama kukiokota, tumbo likanikatalia. Kapteni mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Askari wa kawaida, ambao walikuwa wamesimama mbali wakiogopa, walisogea karibu, nao wakaanza kucheka, na kicheko chao kilikuwa na njaa. Nilikuwa nawalisha. Upande wa nguzo fundi alinitazama na uso wake umetulia, na mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba najichukia nikiikumbuka.

Pale uwanjani kulikuwa na kuku wa mesi wanadonoa. Jogoo mmoja mwekundu, mnene, aliingia katikati ya gwaride langu, kifua mbele, akitembea sawasawa kabisa na kapteni. Watu walimwona wakati ule ule nilipomwona mimi. Kicheko kilianza kupanda kabla sijafanya lolote. Sasa mtu asiyefanya kazi hii ataniuliza kwa nini. Mtu anayeifanya hataniuliza. Kitu kikikuingilia katikati ya mchezo, hukiachi kipite, unakishika. Mkono wangu ulijua hivyo tangu Lurujo, tangu kuku wa kwanza wa mjomba wa kwanza. Nikamrukia yule jogoo, nikamkamata, nikampigia saluti, nikambana kwapani na kuendelea na gwaride, tumbo mbele, sisi wawili tukitembea pamoja.

Baraza nzima ilipasuka. Ofisa mmoja alianguka na kiti chake.

Ilikuwa ndiyo nafasi. Nikaenda kwenye nguzo, jogoo bado kwapani, nikanyoosha mkono nikamshika fundi kifundo cha mkono, nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba mimi ni mtoto wa dada, nimemcheka mjomba wangu na hakukasirika, na sasa nachukua kitu changu.

Kapteni alikuwa bado anacheka. Alinionyesha kidole, akicheka, akashindwa kusema, akajaribu tena.

“Mpwa,” akasema, “umeisha chukua.”

Nilitazama kwapani.

Sikuelewa mara moja. Nilisema huyu ni wa mchezo tu, mjomba, huyu namrudisha. Nikamwachia jogoo. Askari mmoja, mzee kuliko wengine, sajini mwenye makovu ya uso kama wajomba zangu, akamkamata akanirudishia mikononi, taratibu, kwa heshima. Alisema kitu mpwa alichokishika hakirudi kwa mjomba, kurudisha ni laana kwa nyumba zote mbili. Wengine waliotoka upande wetu wakaitikia kwamba ni kweli. Hakuna aliyenidhihaki. Waliniangalia kama watu wanavyomwangalia ndugu yao aliyepotea njia karibu na nyumbani. Na walikuwa sawa. Hilo ndilo ambalo limenikaa kooni hadi leo: kwa sheria yetu, ile niliyokwenda nayo mwenyewe, walikuwa sawa.

Kapteni alinishika bega akasema nirudi baada ya mavuno nichukue kingine, yeye ni mjomba, mlango uko wazi. Askari wawili wakamwinua fundi. Sikutazama uso wake. Nilikuwa natazama miguu, kama kawaida yangu, na miguu ilikwenda nyuma ya stoo ya kambi.

Nilimpelekea mke wake jogoo. Sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

“Ni hii tu ulileta?” akaniuliza.

Alimfunga kamba kwenye mguu wa cherehani. Hakumchinja. Jogoo aliishi pale akiwika na kunyea kitambaa, na mama yule alimtupia mtama kila siku bila kumtazama. Mtama ulipokuwa shambani nilikuwa nakwenda kuukagua, wa kwetu na wa watu wengine, nikiushika masuke kama mnunuzi. Ulipovunwa nilirudi kambini siku ile ile. Walinzi walikuwa wapya. Walisema kapteni amehamishiwa Kampala, na kwamba hapa hakuna Mkongomani yeyote na hajawahi kuwepo. Nilipomweleza mke wa fundi alifungasha cherehani kwenye baiskeli ya kukodi, akavuka kurudi kwao. Jogoo alimwacha amefungwa kwenye nguzo ya mlango wangu.

Niliendelea kuchekesha, kwa kuwa sikujua kingine. Nilijaribu watu wengine kwenye kigoda. Mmoja alijizuia kucheka kwa kujiuma midomo, mwingine kwa kukunja uso, na watazamaji waliona ile nguvu wanayotumia na wakachoka. Fundi, yaya wangu, hakuwa anazuia kitu. Mwishowe niliiacha Arua nikaenda kukaa Lurujo kwa mama mkubwa, nikalima.

Mwaka ule serikali ilipoanguka, jeshi lilipita kwetu likikimbilia mpakani. Kwanza yalipita magari, yamejaa magodoro na majokofu. Kisha yakapita magari machache. Kisha wakapita kwa miguu, na wengi walikuwa wamevaa nguo za raia walizowavua watu njiani. Mimi nilikaa kwenye mwamba wa muhogo nikiwatazama. Wote walikuwa na mwendo mmoja sasa, wa mtu anayetaka kukimbia na hataki kuonekana anakimbia.

Nilimjua kwa mbali. Tumbo lilikuwa limeisha, lakini bado alilibeba, upande wa kushoto. Alikuwa amevaa shati la maua la mtu mwembamba na buti za jeshi. Aliona mwamba una kivuli upande mmoja, akaja akakaa. Nilimsalimu kwa jina la ukoo. Aliniangalia muda, akaanza kutabasamu.

“Wewe ya jogoo,” akasema.

Aliniomba maji nikampa. Aliomba suruali ya raia, nikamwambia tutaona. Nilimuuliza kuhusu fundi. Hakumkumbuka. Nikamkumbusha: yule Mkongomani asiyecheka, aliyekaa kwenye nguzo. Alifikiri, akanywa maji, akafikiri tena.

“Ule alicheka,” akasema.

Nilimwambia amechanganya watu.

“Alicheka. Nyuma ya stoo. Sisi hata bado kufanya kitu, yeye anaanza peke yake. Tunamwuliza, nini? Anasema, ule mjinga amechukua kuku.” Akatikisa kichwa. “Anacheka mpaka anakaa chini. Sisi pia tulicheka.”

Kisha nikamuuliza swali ambalo hakuna mtu mwenye akili angeuliza. Nilimuuliza alicheka vipi: kwa tumbo au kwa kifua, mdomo wazi au umefungwa.

Hakuona ajabu. Aliweka kikombe chini, akashika tumbo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakiiga. Kilianza chembamba, kwa pua, kama mtu anayenusa ugoro, kikakatika, kikarudi kimefunguka, kinene, hakina mwisho, kikamtoa machozi. Mama mkubwa alitoka nyumbani kuona kuna nini. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa masikio yangu yote, na sikuweza kujua kama amepatia, kwa sababu chenyewe sijawahi kukisikia.

Alipomaliza nilipiga magoti mbele yake nikaanza kufungua kamba za buti.

“Mavuno yamepita mengi, mjomba,” nikamwambia.

Alielewa. Aliangalia barabara. Alisema njia bado ndefu, mpwa, na mawe yanachoma. Nilivuta buti moja, nikavuta nyingine. Angeweza kunipiga teke, bado alikuwa na nguvu hizo. Lakini mama mkubwa alikuwa amesimama pale anaangalia, na yeye alikuwa mtu wa kwetu. Akacheka, kwa sababu mjomba anapaswa kucheka. Kisha akaondoka na miguu mitupu, nyayo laini za mtu aliyevaa viatu miaka mingi, akiitafuta ardhi kwa vidole kama mtu anayeingia mtoni usiku.

Niliutazama ule mwendo mpaka ukapotea kwenye kona. Ndio ninaoufanya hadi leo, na hakuna nilichowahi kukifanya ambacho watu wanakicheka hivyo. Nauanza na buti, naumaliza bila buti. Watu wanalia, wanashikana, wanaomba niache. Mimi nasimama katikati yao sicheki, naanza kwenye bega, nashuka mkononi, nahesabu mishono.